Khanga za Wahitimu Kumi na Wawili

Jumatatu, 10 Novemba

Jumamosi chuo chetu cha huku ugenini kinatimiza miaka ishirini na tano. Chuo kidogo, lakini chuo! Mlinzi wa getini anatujua kwa majina, na mimi nilisoma falsafa humo. Mhitimu mmoja wa Afrika Mashariki atapanda jukwaani kuhutubia. Profesa Luo, Mchina, mkuu wetu wa chuo, atamchagua siku hiyohiyo. Mama kule Tanga nimeshamwambia ni mimi. Naye ameshawaita majirani waje kutazama kwenye simu.

Kikwazo ni Agripina. Alikuwa wa kwanza darasani miaka yote minne. Yeye anataka sisi wahitimu kumi na wawili tubebe bango jekundu, basi. Bango! Mimi nitaleta khanga. Nembo ya chuo katikati, chini yake: CHUO KIDOGO, WASOMI WAKUBWA. Nimetunga mwenyewe. Profesa akiiona, atamwita nani mwingine?

Jumanne, 11 Novemba

Sampuli nimeichora kwa mkono, dukani kwa Fathiya, mtaa wa Dengfeng, penye maduka ya Waafrika. Kazi safi. Fathiya, Mzanzibari mwenye duka na mdomo wake, akasema kikombe changu cha chai kimeacha duara la hudhurungi juu ya nembo, niifue. Nikamwambia wachapaji ni watu wa kazi, watajua lipi nembo na lipi chai.

Kule barabara ya Guangyuan Xilu, tajiri wa kiwanda, laoban tunavyomwita kwa Kichina, aliweka kidole juu ya duara akauliza kama nalo lichapwe. Kuniuliza mimi, msomi! Nikamwambia afanye kama sampuli, asibadilishe hata nukta. Akainua mabega, akaandika. Mteja mwenye msimamo huheshimiwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Khanga zimefika. Rangi kali, maandishi yamenyooka. Na kwenye kila moja, duara la chai! Hata tone lililochuruzika pembeni wamelichapa. Fathiya alicheka mpaka akakaa chini. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia yeye si mkuu, amenizidi miezi miwili tu.

Nimezifua mbili. Halitoki. Bango lenyewe nilishamwambia Agripina aliache. Nilikaribia kulia.

Jumamosi, 15 Novemba

Tukavaa hivyohivyo. Wanawake wamejifunga, wanaume tumetupia begani. Profesa Luo akaja, akagusa duara, akauliza maana yake. Nikafungua mdomo.

Agripina akadakia. Akasema hiyo ni chai ya Alhamisi. Kila Alhamisi Profesa alituchemshia chai ofisini mwake, sisi kumi na wawili tulio mbali na kwetu, na vikombe vyetu viliacha maduara kwenye meza yake, naye hakuyafuta kamwe. Kweli tupu! Profesa akavua miwani, akapangusa macho. Kisha akamshika Agripina mkono, akampandisha jukwaani.

Alizungumza vizuri. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu. Alipofika kwenye chai, nilijivunia chuo kile mpaka nikapiga makofi kabla ya wote.

Mama akapiga. Majirani wamesubiri saa mbili nzima, wameona bega langu tu. Akauliza yule binti ni wa nani, na kwa nini sijampeleka nyumbani.

Jumapili, 16 Novemba

Nimetafakari. Bila mimi pasingekuwa na duara. Bila duara pasingekuwa na hotuba. Kwa hiyo nimehutubia mimi, kwa mdomo wa Agripina. Mama nimemweleza hivyo, akaguna.

Na Profesa ameniomba tai za wahitimu wapya, zenye duara lilelile. Mimi! Agripina kashauri kwa upole kwamba sampuli achore yeye. Wivu huo.

Sampuli nimeshaimaliza. Safari hii duara nimelichora kwa bikari, doa hakuna. Ipo hapa mezani kwa Fathiya, inakauka. Anasema niiondoe kwanza, analeta supu. Nimemwambia alete tu, nafasi ipo.