Makofi ya Mashemeji

Ijumaa, 7 Juni
Nimekwenda jioni ya mashairi, ukumbi wa maktaba. Mpwa wangu, binti wa dada, ndiye mwendeshaji. Alieleza sheria mwanzoni. Sikusikia. Nilikuwa namsimulia jirani nilivyozuia daraja lisianguke kwa bega hili hili. La kushoto.

Nimeona mambo! Muuguzi mmoja, sauti ya chini, alisoma jinsi mikono yake inavyonuka dawa hata akimbeba mwanawe. Jamani! Nikafuta macho. Nikasingizia vumbi. Ajabu, hakupata hata kofi moja! Waliishia kualiza vidole, ta-ta-ta, kama wanaita paka. Nikamhurumia. Kisha karani mmoja akasoma, akasoma, akasoma. Ghafla ukumbi mzima makofi! Akainama, akashuka. Huyo ndiye mfalme wao.

Jumanne, 11 Juni
Nimeomba nafasi. Mpwa amekuna kichwa. Akasema sawa mjomba, lakini ukinitia aibu hupandi tena. Dada naye anakuja, ajionee kama kaka yake ni mshairi au ni mdomo tu. Imenichoma. Tangu utotoni ananiita Redio.

Shairi tayari: "Bega na Daraja". Nimewakusanya mashemeji zangu wote, mafundi wenzangu wa makochi. Viganja kama mbao! Amri: nikifungua mdomo tu, pigeni.

Ijumaa, 14 Juni
Nimepanda. Dada mstari wa mbele, mkoba mapajani. Nikaanza: siku ile mto ulipofura... Mashemeji wakalipuka! Ukumbi mzima ukadakia! Nikainama kama karani. Mpwa akanishika kiwiko, akaniteremsha.

Kumbe hapa vidole ndiyo sifa. Makofi ni kumwambia mtu kwa adabu kwamba muda wake umekwisha, ashuke. Mstari mmoja! Nimeshushwa na mashemeji zangu mwenyewe! Dada alicheka mpaka mkoba ukaanguka.

Akapanda muuguzi. Akasoma kuhusu mzee wodini ambaye hakuna aliyewahi kusikiliza hadithi zake mpaka mwisho. Yeye kila zamu alimuuliza, enhe, tuliishia wapi? Dada akanishika mkono. Kwa ule wa pili nikaaliza vidole mpaka vikauma. Mwanamke yule anajua!

Jumamosi, 15 Juni
Asubuhi dada kaja mwenyewe. Haya Redio, soma lote. Nimesoma lote. Hakucheka, ila pale nilipomwokoa ng'ombe kwa meno.

Mpwa kapiga simu. Muuguzi kaniombea, anataka kujua daraja liliishia wapi. Napanda tena Ijumaa! Sharti moja: makofi marufuku. Nimeapa.

Mashemeji wako karakanani sasa hivi, nawafundisha kualiza vidole. Vimejaa gundi, havilii. Nimempa kila mmoja vibao viwili vya kugonganisha. Sauti safi kabisa! Ukisimama mbali, utaapa ni makofi.