Kicheko Kilichomo Ndani ya Santuri

Jumatatu, 4 Agosti

Binti yangu kapiga simu. Yule daktari wa meno. (Najua daftari hili nalisoma mimi peke yangu, lakini ni tamu kuandika.) Anakuja Jumapili! Nikamwambia nitafagia, nitapika, nitafua hadi mapazia. Kisha akaniuliza, eti mama, baba alikuwa anachekaje?

Miaka ishirini na saba hajawahi kuuliza. Baba yake alifariki yeye hajaota jino hata moja.

Kicheko utakielezaje kwa simu? Mdomo wangu ukanitangulia, ndiyo kawaida yake. Nikamwambia asijali, kicheko cha baba yake ninacho, kimo ndani ya santuri, Jumapili atakisikia kwa masikio yake mwenyewe. Akalia. Nikalia. Tukaagana.

Kimo kweli. Marehemu alikuwa seremala. Aliitwa kutengeneza rafu kwenye studio, wanamuziki wakapungukiwa mtu wa kupiga makofi, wakamwita yeye na vumbi lake la mbao. Mwisho kabisa wa wimbo mpiga tarumbeta anakosea na mume wangu anacheka. Hawakufuta! Tuliisikiliza kila Jumapili, mimi na cherehani, yeye na kiti chake. Kikifika kicheko chake, anajicheka upya.

Ila santuri sina. Wiki moja baada ya mazishi nilitoa makasha yote matatu nje ya geti, achukue atakaye. Sikutaka tena kusikia hata mkwaruzo wa sindano. Asubuhi hayakuwepo. Gramafoni nayo ikaondoka nyumbani hivyo hivyo.

Nina siku sita. Zinatosha. Aliyesomesha daktari kwa cherehani moja hashindwi na kisahani cheusi.

Jumanne, 5 Agosti

Nyuma ya soko yuko mzee anayeuza santuri kuukuu. Miwani kaifunga kwa uzi. Akaniuliza jina la wimbo. Sijui. Bendi? Sijui. Nikamwambia lebo ni nyekundu na tarumbeta inakosea mwishoni. Akavua miwani, akanitazama bila miwani, akaivaa tena. Akasema, mama yangu, lebo nyekundu humu ni kama mchele ndani ya gunia. Na kuzijaribu haiwezekani, gramafoni yake haina sindano.

Nikabeba zote nyekundu. Kumi na nane! Shingo imeniuma kuinama kwenye yale makasha, lakini harufu ile, karatasi kuukuu na vumbi, nilitaka kukaa pale mpaka jioni. Kwa muda mfupi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kiuno.

Mzee akaanza mahubiri. Nizishike ukingoni. Nisizimwagie maji ya moto. Nifute kwa kitambaa laini kwa kufuata mistari. Nisizianike juani hata kidogo. Nizisimamishe kama vitabu, nisizilundike. Nikamwambia, baba, nimefua nguo za watu miaka kumi, nimelea daktari wa meno, usafi nifundishwe na nani?

Tatizo lililobaki ni gramafoni. Mtaa mzima anayo mmoja tu. Mama Pazia. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mapazia yake mazito hayafunguliwi mchana wala Jumapili. Ana nini cha kuficha? Na muziki anaupiga chinichini, kama mtu anayemnyima jirani hata sauti. Mimi kumbishia hodi yule? Bora nitoboe santuri kwa sindano ya cherehani na kusikiliza kwa jino.

Jumatano, 6 Agosti

Usafi. Beseni, maji ya moto (ya vuguvugu huondoa uchafu wa nani?), sabuni ya unga, na miswaki! Binti yangu huniletea miswaki boksi zima. Nikapiga mswaki santuri kumi na nane, juu na chini, duara duara, kama anavyofundisha watoto wa shule. Uchafu uliotoka! Lebo nazo zikatoka. Hakuna neno, wimbo hauimbwi na karatasi.

Kuzikausha ndipo akili yangu ilipong'aa. Santuri ina tundu katikati. La nini kama si la kamba? Nikafungua kamba ya nguo upande mmoja, nikazitunga zote kama shanga, nikaibana vizuri, jua la saa tano. Zikameremeta! Wapita njia wakasimama. Nikawaambia ni za binti yangu, daktari.

Saa tisa nikatoka kuzianua.

Sitaki kuandika.

Haya, naandika. Zilikuwa zimekunjamana kama majani ya mgomba yaliyobabuliwa. Nyingine zimekuwa mabakuli. Pazia la jirani likatikisika, kikatoka kidole, halafu sauti. Eti Mama Daktari, hayo mabakuli unauza kwa dazeni? Nikajibu ni mtindo mpya. Akasema, shoga, mtindo huo usipate mvua, utajaa maji.

Alhamisi, 7 Agosti

Kilichopinda hunyooshwa. Nguo hunyooka chini ya godoro, sembuse santuri? Nikazipanga kitandani, karatasi katikati, godoro juu, na juu ya godoro mimi, baada ya chakula cha mchana. Mwili wangu si haba. Nikalala kwa utulivu kama kuku anayeatamia.

Kraa!

Nikatulia, labda ni kitanda.

Kraa! Kraa!

Zimepona tatu. Nimekaa kwenye kiti chake, kile alichokitengeneza mwenyewe, bado hakilii hata kikitingishwa. Nimejaribu kukumbuka kicheko chenyewe. Nakumbuka mdomo, nakumbuka mabega yakipanda na kushuka. Sauti haiji. Nimekaa mpaka chai ikapoa. Haiji.

Nilimwahidi mtoto kitu ambacho hata mimi sinacho tena.

Ijumaa, 8 Agosti

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Nimevaa gauni zuri nikainama.

Mama Pazia akafungua kijinafasi cha jicho. Nikamwambia nina santuri tatu, naomba gramafoni kwa dakika chache. Akauliza kama zinakaa kwenye sahani ya gramafoni au zinahitaji kijiko. Nikameza. Akanikaribisha, akafunga mlango haraka kama mvua inaingia.

Ya kwanza ikayumba kama mlevi. Ya pili ikarudia neno moja mpaka akaionea huruma. Ya tatu, tarumbeta! Moyo ukaruka. Lakini haikukosea. Ilipiga safi mpaka mwisho. Sijawahi kuchukia muziki safi namna ile.

Nikaanza kulia mbele yake, mimi! Nikamweleza yote. Simu, jino, kicheko. Akasikiliza, mikono mapajani. Halafu akasema, mwenzangu, nimekungoja miaka ishirini na saba uje kuuliza.

Akafungua kabati. Makasha matatu! Nimeyajua kabla sijayagusa, yale ya mbao, misumari ya mume wangu. Santuri zimesimama wima kama wanafunzi mstarini, kila moja na jalada lake, halina hata ukungu. Alfajiri ile alizikuta getini, akaona mawingu ya mvua, akabeba kasha moja moja. Hakunirudishia kwa sababu nilisema mtu yeyote asinitajie santuri. (Nilisema hivyo? Inawezekana. Nilisema mengi.) Mapazia ni kwa ajili ya santuri, jua lisizifikie. Na sauti ya chini ni kwa ajili yangu, nisisikie nikaumia.

Nimemsema huyu mwanamke robo karne!

Akatoa moja. Lebo nyekundu. Akaishika ukingoni. Sindano ikashuka, mkwaruzo, kisha makofi. Makofi yake! Niliyajua, yanachelewa kidogo, kama alivyokuwa akichelewa kwa kila jambo. Tarumbeta ikakosea.

Akacheka.

Kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani. Kinaanzia puani, kinajizuia, kinashindwa. Tulikirudia mara tatu. Mara ya nne Mama Pazia akasema basi, tusimchoshe.

Jumapili, 10 Agosti

Kaja! Kapendeza! Nikapita naye njia ndefu ya kwenda nyumba ya pili ili watu wamwone.

Akaketi sakafuni mbele ya gramafoni. Sikuitazama santuri, nilimtazama yeye. Kicheko kilipokuja alishtuka, kisha naye akacheka. Kinaanzia puani. Kinajizuia. Kinashindwa. Mama Pazia akanigusa kiwiko. Miaka yote hii nimewaambia watu kicheko cha mtoto huyu ni cha ukoo wetu, cha shangazi yangu! Nilikuwa nacho mezani kila siku, nikikitafuta sokoni.

Akakirekodi kwenye simu yake. Akatazama miswaki iliyobaki bila nywele, akaniapisha. Mama, si maji ya moto. Si sabuni. Si jua. Si godoro. Nikaapa yote.

Mama Pazia akanirudishia makasha yote. Isipokuwa santuri ile moja, ya kicheko. Eti itakaa kwake mpaka nijifunze kutunza. Mbele ya mtoto wangu! Nikatabasamu kwa meno yote, maana yametunzwa na mtaalamu.

Jumatatu, 11 Agosti

Binti kaondoka. Nyumba kimya, lakini kimya chenye ladha.

Nimelitafakari neno la Mama Pazia. Nijifunze! Kaenda sokoni, atarudi saa nane. Akirudi atakuta santuri sita nilizoanza nazo zinang'aa kuliko alivyozitunza yeye, na ataniletea ile ya kicheko kwa mikono miwili, huku akiomba radhi.

Nimeapa sitatumia maji ya moto. Nimetumia ya vuguvugu, yaliyochemka zamani kidogo. Nimeapa kuhusu sabuni ya unga. Hii ni ya kipande. Na jua? Mimi si mjinga. Kamba nimeihamishia nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa, kivuli kitupu, baridi kabisa.

Sasa ni saa nne asubuhi. Najinyoosha kidogo kwenye kiti cha marehemu. Kivuli ni kivuli, kitakwenda wapi?