Pepo wa Bara Aliyekataa Kinywaji Chake

Leo nimeaibika, mashoga zangu, tena mbele ya mtaa mzima. Bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasimuliwa huko kisimani.

Mnaujua mguu wangu wa kushoto. Ulikufa ganzi siku ileile Baba Zuhura aliponiambia anaongeza mke. (Wallahi sikusingizia! Nilijidunga sindano, sikusikia kitu.) Daktari akaugongagonga, akasema mguu mzima, ni mawazo tu. Nikamjibu mawazo hayakai gotini. Baba Zuhura akaapa hataoa mpaka nipone. Basi mie nikawa sina haraka ya kupona.

Mama mkwe hakukubali. Akamwita fundi wa ngoma, Bi Tatu, anipandishe pepo, pepo aseme anachotaka, apewe, aniachie mguu. Nikasema moyoni, hapohapo! Pepo atasema hataki mke mwenza.

Leo mchana wakanifukiza ubani, ngoma zikalia. Nikatikisa kichwa, nikanguruma. (Nilinguruma vizuri, hata mama mkwe alirudi nyuma.)

"Karibu, bwana mkubwa," Bi Tatu akasema. "Wa pwani au wa bara?"

Ningesema wa pwani, ningeletewa kahawa na halua. Lakini nilitaka Baba Zuhura aogope. Nikafoka, "Wa bara! Natoka Ubena huko!"

"Haya, mchinjieni."

Mchinjieni nini? Mara nasikia mbuzi analia uani. Mara bakuli hilo, limejaa damu, bado inatoa mvuke! Ndicho kinywaji cha pepo wa bara, na mie nilisahau kabisa.

"Kunywa, bwana," Bi Tatu akasema.

"Nimefunga," pepo akajibu.

"Pepo wa bara hafungi!"

Akanishika kidevu. Bakuli likagusa mdomo. Lahaula! Niliruka, nikapita katikati ya wapiga ngoma, nikavuka ua wa makuti, nikatokea kwa jirani. Kwa mbio!

Ngoma zikanyamaza. Ndipo nikaukumbuka mguu. Nikaanza kuchechemea.

"Mama Zuhura," akasema mume wangu, ananichungulia juu ya ua, meno yote nje, "mbona unachechemea wa kulia? Alhamdulillahi, umepona. Harusi Ijumaa."

Mguu umepona kweli, mashoga. Moyo ndio unaouma, tena sana. Msinicheke. Mwenye kicheko akiweke mpaka Ijumaa, atanikuta napika pilau ya mke mwenzangu, nimesimama wima kwa miguu yote miwili.