Siku Ishirini na Tatu za Nyangezi

Wazo lilimjia Placide akiwa amenyolewa nusu ya kichwa. Alikuwa kwenye kibanda cha kinyozi kule Kadutu, Bukavu, na umeme ukakatika hapo hapo, kama kawaida yetu. Mashine ikazimika, lakini redio ya betri ikaendelea kusema. Ilisema kwamba mwaka huu wakaguzi watapita shule hadi shule, wafungue madaftari ya mahudhurio na kuhesabu siku za masomo moja moja. Sheria inadai siku mia moja themanini, zisipungue. Shule itakayopungukiwa, mwaka wake ni bure, na wanafunzi wake wa darasa la mwisho watautazama mtihani wa serikali kupitia dirisha.

Wateja wakaguna. Nani asiyejua mwaka ule ulivyokwenda? Kulikuwa na siku za risasi, siku za mvua iliyobomoa kuta, siku walimu walipogoma, na siku ambazo hakuna aliyejua kwa nini shule zimefungwa ila kila mtu alibaki kwake na mlango kaufunga.

"Siku zishakufa," kinyozi akasema. "Nani atazifufua?"

Placide akasimama na kichwa chake cha nusu. "Siku haifufuke, ndugu yangu. Siku inanunuliwa."

Akatoka hivyo hivyo, kofia juu.

Tumjue kwanza mtu wetu. Alikuwa na miaka arobaini na minne, koti moja, na mkoba wa ngozi ambao ndani yake mlikuwa na mihuri miwili aliyoichonga mwenyewe kwa soli ya kandambili, pamoja na yai la kuchemsha. Watu walimwita Conseiller, yaani mshauri. Conseiller wa nini, hakuna aliyeuliza, maana sisi watu wa Bukavu tukimwona mtu ana mkoba na cheo cha Kifaransa tunamsogezea kiti kwanza, maswali baadaye. Alishawahi kuuza vibali vya kupiga picha ziwa. Shule yenyewe aliiacha sekondari mwaka wa nne. Yeye husema aliugua. Ukweli ni kwamba alifukuzwa kwa kuwauzia wenzake maswali ya mtihani, na si kwamba aliyaiba. Aliyatunga mwenyewe, na hakuna hata moja lililotoka.

Basi akapanda mteremko wa Cimpunda hadi kwenye shule moja ya binafsi yenye mabati mekundu na wanafunzi thelathini na mmoja wa darasa la mwisho. Mwenye shule, na mkuu wake pia, alikuwa Maman Eulalie, mama mfupi, mpana, miwani yake imefungwa shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Maman Préfète," Placide akaanza, sauti imejaa majonzi ya kazi, "munapungukiwa siku ngapi?"

"Makumi mbili na tatu, papa. Sheria inaomba mia na makumi munane, siye tuko na mia na makumi tano na saba. Tangu jana sijalala."

"Sasa mulale. Kule Nyangezi kuko masomo moja, shule nzima haijapoteza ata siku moja. Banafundisha ata siku ya posho, ata Jumamosi. Iko na siku zimezidi, zinabakia tu pale, zinaozea mu armoire, mule mu kabati. Miye niko nafanya transfert."

"Transfert ya siku?"

"Batu banahamisha feza kwa telefone, Maman. Siku iko na uzito gani?"

Maman Eulalie akavua miwani, akaipangusa polepole kwa kitenge chake. Placide aliijua sana ishara hiyo. Ni ishara ya mtu aliyekwisha kuingia mfukoni. Ndivyo alivyoamini, na sisi tumwache aamini kidogo.

"Feza sina," mama akasema. "Lakini niko na groupe, ile ya kutoa moto ya umeme. Iko pale nyuma."

Moyo wa Placide ukaruka. Jenereta! Kadutu, ambako umeme huja kama mgeni asiyependa kukaa! Akajiona ameketi chini ya mwavuli, simu mia za watu zinachaji mbele yake, naye anakula mishikaki. Akakubali upesi mno, jambo ambalo mjanja yeyote wa mwezi wa kwanza angemkanya.

Baada ya siku mbili akarudi na kurasa ishirini na tatu za mahudhurio, kila moja na muhuri wa soli. Ilikuwa kazi safi, lazima tuseme. Mwanagenzi angewaandika wanafunzi wote kuwa walikuwepo, na mkaguzi gani wa Kivu ataamini hivyo? Placide aliwapa watatu malaria, saba akawazuia na mvua, mmoja akampeleka msibani Mumosho. Alijivunia hasa yule wa msiba.

"Muzuri sana," Maman Eulalie akasema, akifunua. "Lakini siku bila jina ya mwalimu haiko siku. Nani alifundisha?"

Hapo ndipo majivuno yalipommaliza. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwomba Placide aweke sahihi kama mwalimu. Akachukua kalamu. Akatia sahihi mara ishirini na tatu, kila moja na mkia mrefu, na kando yake akaandika masomo yaliyosikika vizuri: Mapinduzi ya Ufaransa, Riba na Asilimia, Insha ya Kushawishi. Kisha akajitwika jenereta begani na kuteremka nalo Cimpunda, jasho likimtiririka, akiwasalimu watu kama bwana harusi.

Kule Kadutu akavuta kamba yake mara arobaini. Kimya. Akalifungua. Ndani mlikuwa na kiota cha panya, na panya mwenyewe, aliyemtazama kwa hasira ya kuamshwa.

"Yesu Maria!" Placide akapiga kelele. "Ule mama ni mwizi!"

Aliumia kweli, msicheke. Alihisi dunia imeharibika, watu hawana tena neno. Na kwa sababu aliumia, akafanya kosa ambalo hata mwizi wa kuku halifanyi: akarudi kulalamika.

Ofisini alimkuta Maman Eulalie ameinamisha kichwa. Mbele yake ameketi bwana mmoja mrefu, suti ya kijivu, faili mapajani, zile kurasa ishirini na tatu zimetandazwa mezani.

"Huyu ni Inspecteur Ignace," mama akanong'ona.

"Ni weye mwalimu Placide?" bwana akauliza bila kuinua macho. "Signature ni yako?"

"Ni... inafanana na yangu."

"Nimeuliza batoto makumi tatu na moja. Hakuna mwenye anakujua. Ulibafundisha siku makumi mbili na tatu, na hakuna ata moja mwenye anajua sura yako. Uliingilia wapi, ku dirisha?"

Placide akaangalia dirisha. Lilikuwa na vyuma.

"Kuandika uongo mu daftari ya serikali," Ignace akaendelea, akifunga faili, "ni gereza. Ao tunaenda sasa, ao zile siku zinakuwa za kweli. Zote. Kuanzia kesho, saa moja na nusu, na utafundisha byenye uliandika."

Kurasa za Nyangezi Maman Eulalie aliziwashia makaa jioni ile ile, akapika maharagwe. Daftari likaanza upya kwenye siku ya mia moja hamsini na nane.

Hivyo ndivyo Conseiller alivyojikuta mbele ya ubao, chaki mkononi, macho thelathini na moja mara mbili yakimtazama. Kwenye meza ya mbele aliketi Mapendo, msichana wa miaka ishirini na tatu aliyerudi shuleni baada ya kuzaa, ambaye kila jioni aliuza sambaza, dagaa wa ziwani, soko la Nyawera ili alipie masomo yake. Yeye ndiye aliyeinua mkono kwanza.

"Mwalimu, mapinduzi ya Bafaransa ilianza mwaka gani?"

"Ile mwaka yenye iko mu kitabu."

"Kitabu hatuna, mwalimu."

"Basi... tutaona kesho."

Jioni akaenda kuazima kitabu parokiani, akakisoma hadi macho yakauma, akijilaani kwa kutoandika somo jepesi kama usafi wa mikono. Lakini siku ya nne ilikuwa ya riba na asilimia, na hapo mambo yakageuka. Akawaeleza mkopeshaji mwongo anavyoficha riba, anavyokata mbele, anavyokuchekea akikukata. Darasa likacheka mpaka likapata hesabu zote. Na insha ya kushawishi! Kivu Kusini nzima nani aliijua kuliko yeye? Aliwapa kazi: mshawishi mwenye nyumba asikufukuze. Mapendo aliandika kurasa mbili, na Placide aliposoma akaona kwamba angekuwa mwenye nyumba angempunguzia kodi.

Siku ya tisa alichelewa. Usiku wa jana yake alikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na marafiki waliomtania kwa jina la Mwalimu, akafika saa nne, macho mekundu. Maman Eulalie alikuwa mbele ya darasa, akamwachia chaki, akatoka. Mapendo ndiye aliyesema.

"Mwalimu, miye nina mutoto, ataanza masomo mu septemba. Hatuwezi kusoma bote babili. Mwaka hii ikikufa, miye sirudie tena."

Placide aliona aibu. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Aliona aibu mbele ya msichana anayenuka sambaza, akageuka haraka akaandika tarehe ubaoni, na akaikosea. Tangu siku hiyo alikuwa anafika kabla ya kengele.

Siku ya ishirini na tatu ikawa Ijumaa. Alipomaliza kufundisha akapita mtaa wa Essence, kwenye nguo za mitumba, na hapo akasikia sauti anayoijua ikiita, "Angalia, chagua! Bei ya kutupa!" Alikuwa Ignace, kandambili miguuni, na juu ya kichwa chake imetundikwa suti ya kijivu.

"Inspecteur?"

"Ah, Conseiller!" Ignace hakushtuka hata kidogo. "Unapenda costume? Kwako nitapunguza. Ilivaliwa mara moja tu."

Placide alirudi Cimpunda kwa miguu, na hasira ilimfanya asisikie mlima. Mapendo alikuwa anafuta ubao, Maman Eulalie anahesabu daftari.

"Ule haiko inspecteur! Anauzisha masuruali!"

"Ni shemeji yangu," mama akasema. "Na weye haiko conseiller. Ulinifikiria mujinga, na miye nilikuwa na darasa bila mwalimu. Walimu wangu banakataa kurudisha siku zenye zilipotea. Nilitafuta mwezi mzima mutu wa kunifundishia bure, na Mungu akakuleta na mkoba."

"Na ile groupe ya panya?"

"Ulikubali groupe, haukuomba moto."

Kwa kweli Placide alitamani jibu hilo angelitoa yeye.

"Uko huru," mama akaongeza, akishusha sauti. "Lakini kuko neno. Inspecteur wa kweli anakuja siku ya kwanza, Jumatatu asubuyi. Na ile siku ya tisa ulifika saa ine. Siku ya nusu haihesabiwe. Tuko na mia na makumi saba na tisa."

Mapendo akaacha kufuta ubao. Kifutio kikabaki juu.

"Moja tu inapunguka," mama akasema, akamsogezea daftari na kalamu. "Andika, Conseiller. Weye uko fundi. Nani atajua?"

Placide akaishika kalamu. Ilikuwa kazi ya dakika moja: wawili malaria, mmoja msibani, sahihi, mkia. Akatazama kurasa alizozijaza. Siku ya sita Delphin hakuwepo, na hakuwepo kweli, mguu ulivimba. Siku ya kumi na nne mvua ilinyesha, wakaja kumi na wawili tu, wakafundishana wakipiga kelele kushinda mabati. Zote zilikuwa zake, na zote zilipita kweli. Akaiona ile moja ya uongo itakavyokaa katikati yao kama jiwe ndani ya maharagwe.

Akaitupa kalamu mezani.

"Aa, wapi! Hapana! Kila siku niliamuka, kila siku nilikula vumbi ya chaki, sasa unaniomba niandike uongo? Maman, uko na haya? Kesho ni siku ya posho, batoto bakuje bote. Nitafundisha. Siku ni siku!"

Akatoka akiubamiza mlango, amekasirika kama padre aliyekuta vifungo kwenye sadaka. Ni nje tu ndipo alipokumbuka yeye ni nani, na akajionea huruma kabisa.

Jumamosi wakaja wote thelathini na mmoja. Alifundisha mpaka saa saba, hata mapumziko akayala.

Jumatatu akafika mkaguzi wa kweli. Hakuwa na suti, alikuwa na sweta na mafua. Akahesabu siku kwa penseli kutoka mwanzo hadi mwisho, akapiga chafya, akahesabu tena, akatia muhuri halisi wa serikali. Placide alikuwa amesimama nje ya dirisha lile lenye vyuma, akisikia kila neno.

"Mwaka ni mzima, Maman Préfète. Siku mia na makumi munane na moja."

Mapendo akapiga kigelegele kilichosikika hadi bondeni. Placide naye alitaka kushangilia, lakini akaanza kuhesabu kwa vidole. Na moja?

Mkaguzi alipoondoka, Maman Eulalie akatoka nje, miwani ikining'inia.

"Siku ya tisa," Placide akasema polepole. "Wakati miye nilichelewa, nani alianza somo saa moja na nusu?"

"Miye. Siku ile ilikuwa nzima tangu mwanzo."

"Kwa hiyo siku ya posho..."

"Ulifundisha vizuri sana siku ya posho." Akaipangusa miwani yake polepole kwa kitenge. "Sasa, Conseiller, tuko na siku moja imezidi. Inabakia tu pale, inaozea mu armoire. Haujue shule yenye inapungukiwa?"