Kiti cha Abiria Bado Baridi

Jumatatu, 3 Juni
Viti vya pikapu yangu, vile vya kujipasha joto kwa umeme, vimeacha kupata joto. Mke wangu anaumwa kiuno, na kila Ijumaa asubuhi, baridi ikiwa kali, nampeleka kliniki, mwendo wa saa nzima. Ametangaza kwamba kiti chake kisipopona, atakuwa anakwenda na kaka yake. Shemeji! Dereva wa malori mstaafu asiyejua umeme ni kitu gani. Mimi nimefundisha fizikia miaka thelathini na mitano. Nimemwambia mke wangu aondoe wasiwasi. Kasema ndiyo kwanza umemwingia.

Jumanne, 4 Juni
Nimechunguza. Fyuzi nzima, nyaya nzima. Kilichokufa ni kiboksi kilicho chini ya kiti, kinachopokea amri za swichi na kugawa umeme kwenye viti.

Jumatano, 5 Juni
Muuza spea kanipatia kiboksi cha gari lenye usukani kushoto. Langu lina usukani kulia. Akaanza kunielekeza, “Mzee, plagi za hiki…” Nikamkatiza kwa upole, nikamweleza jinsi mkondo wa umeme unavyozalisha joto. Dakika ishirini. Wateja wawili wakaondoka, bila shaka wakiwa wameelimika.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekifunga. Nimebonyeza swichi yangu: kiti cha abiria kikapata moto. Nimebonyeza ya mke wangu: mapaja yangu yakaungua. Kiboksi kinadhani dereva anakaa kushoto. Dharau iliyoje.
Shemeji alikuwa kasimama getini na kikombe cha chai, akiona yote. Kasema, “Shemeji, si ubadilishe tu hizo plagi mbili za viti? Dakika moja hiyo.” Nikizibadilisha, ukoo mzima utasikia kwamba katengeneza yeye. Nimemjibu kwamba imekusudiwa iwe hivyo. Kesho nitabonyeza swichi yangu kimyakimya, na mke wangu atapata joto lake.

Ijumaa, 7 Juni
Mke wangu aliniwahi. Kabla sijafunga mkanda, alishabonyeza yake hadi namba tatu, moto wa juu kabisa. Yeye anatetemeka, mimi naokwa. Nikamweleza kwamba joto huchukua muda kusafiri. Nikapeleka mkono kwenye swichi yangu, akauchapa kofi. Akauliza jasho lote hili linanitoka, naongeza moto wa nini. Nikapeleka tena, akaushika mkono hadi kliniki. Kurudi, kampigia simu kaka yake aje kumchukua, kapanda gari lake. Nimerudi peke yangu na kiti cha moto.

Jumamosi, 8 Juni
Mke wangu kanipa nafasi moja ya mwisho, Ijumaa ijayo. Shemeji kajitolea tena kubadilisha plagi. Nimekataa kwa heshima. Nimepata njia ya kitaalamu: nitang’oa viti vyote viwili, cha kulia nikihamishie kushoto, cha kushoto kulia. Bolti nane tu. Mke wangu kauliza kama nyaya nazo zitahama pamoja na viti, au zitabaki zikipeleka moto upande ule ule. Nimemsamehe. Hakusoma fizikia.