Upatu wa Bendera

Jumanne, 1 Agosti 2006

Leo nimekuwa nahodha! Mimi! Mfagizi! Mzee Indravadan, mwenye intaneti kafe hapa Mtaa wa Sikukuu, kanisimamisha nina ufagio mkononi na mwanangu Eliasi mgongoni. Kasema Josepha mwanangu, huu mchezo wewe unaujua kuliko hao wanaolipa. Kweli tupu. Mwaka mzima nafagia huku nachungulia, na asubuhi kabla wateja hawajapanda ngazi nacheza.

Mchezo wenyewe si mgumu. Timu ya watu wanne. Mnaingia ngome ya wenzenu, mnaiba bendera, mnaikimbiza mpaka kwenu. Ukifa unaanza upya nyuma kabisa. Siku ya Nane Nane tutacheza kwa mtandao na kafe moja ya Mwanza, raundi tano. Tukishinda, mimi msimamizi wa chumba cha michezo. Meza! Kiti! Feni! Na nyuma ya meza pana kijipembe kisichopita nyaya. Eliasi wangu alale pale.

Tukishindwa, mtoto asionekane tena kafe. Mzee kasema mahali pa nyaya si mahali pa mtoto, na juzi kamkuta anatafuna mmoja. Sina wa kumwachia. Baba yake dereva wa lori, mwezi mzima yuko njiani. Mama mkwe ndiyo kapata sababu, kashaandika mara mbili kutoka Ifakara, mlete huku maziwa yapo. Mtoto wa miezi tisa! Nimempa ziwa nikamwambia, baba, huendi kokote, mama yako nahodha.

Jumatano, 2 Agosti

Mazoezi. Mungu wangu, hii timu!

Hamud, wa duka la manukato hapo chini, anakimbia peke yake mbele kama kafukuzwa na nyuki. Anakufa. Anatulaumu. Ankit, mpwa wa Mzee, karani huko Posta, anaokota dawa zote za uwanjani anatia mfukoni. Nilikuwa nakata roho, nikamwomba moja. Kasema anaweka akiba. Akiba ya nini? Mchezo umeisha ana dawa kumi na mbili, sisi wote marehemu. Severine, muuza vocha wa pale ngazini, ndiye mzuri. Ila mteja akimwita tu anaondoka, anamwacha askari wake kasimama katikati ya uwanja kama mlingoti.

Nikapiga kelele. Hamud akaniambia Mama Eliasi, hapa si jikoni kwako. Nikamwambia jikoni kwangu hata mwiko una adabu kumshinda yeye. Severine akacheka mpaka akashuka kitini.

Tumeshindwa mara sita. Lakini mara ya sita kidogo tu!

Alhamisi, 3 Agosti

Mbinu mpya: kachori. Nimeamka mapema nikakaanga, nikasaga na chatne ya nazi. Atakayenisikiliza anapata. Asiyesikiliza atanusa.

Walisikiliza sana. Walisikiliza mpaka kachori zikaisha, kisha Hamud akakimbia mbele akafa. Ankit zake katia mfukoni. Vitufe vyote vya kompyuta nne vikajaa mafuta, ukibonyeza kimoja vinashuka vitatu. Nimesugua kwa pamba na spiriti mpaka saa nane. Mzee kapita, kanusa. Akaonja moja niliyokuwa nimemfichia. Dalili njema hiyo.

Ijumaa, 4 Agosti

Nimegundua! Nimegundua! Nilikuwa naanua nepi, nikaziacha kwenye kamba nikaja kuandika.

Nyumba yetu ya kupanga wanawake tunacheza upatu wa vyombo. Kila Ijumaa wote tunampelekea mmoja chombo. Wiki hii sufuria zimekwenda kwa Bi Fakhriya, wiki ijayo kwa mwingine. Leo nimewaona wanavyobeba, vigelegele, hakuna aliyenuna. Kwa nini? Kila mtu anajua zamu yake inakuja.

Sasa mtazame Hamud. Mtazame Ankit. Anayefikisha bendera jina lake linawaka dhahabu kwenye kompyuta zote. Kila mtu anataka kuwaka! Ndiyo maana tunakanyagana. (Mimi pia nataka kidogo. Josepha, kwa dhahabu. Nani hataki?)

Basi, upatu wa bendera! Kila raundi mmoja anapokea, watatu wanamsindikiza. Wa kwanza mimi, maana mimi ndiye kijumbe, mwendesha upatu, na kijumbe hupokea kwanza. Ndiyo desturi, sikuitunga mimi. Wa pili Severine. Wa tatu Ankit. Hamud mwisho kabisa. Aliyekwisha kupokea huwa mzito kuleta, kila mwanamke wa Kariakoo anajua hilo.

Jumamosi, 5 Agosti

IMEKUBALI!

Zamu yangu wamenizunguka kama bibi harusi. Nimewaka dhahabu! Zamu ya Severine, mteja kaita vocha pale ngazini, Severine kajibu kwa sauti, subiri kaka, niko vitani. Zamu ya Ankit, Hamud kakaa nyuma kumlinda. Hamud! Nyuma! Na Ankit naye, kumbe anajua kutoa, kampa Hamud dawa tatu bila kuombwa. Wakapeana mikono juu ya meza. Wateja wa barua pepe wameacha barua zao wakaja kutazama. Eliasi anapiga makofi mgongoni kwangu, hajui kwa nini, na mimi nimepiga kigelegele mpaka Mzee katoka ofisini akidhani kuna msiba au harusi.

Tumeshinda mara nne mfululizo. Nimepima kile kijipembe kwa kanga. Godoro dogo linaenea, na nafasi ya mto inabaki.

Jumatatu, 7 Agosti

Kidudu mtu kaingia. Raundi ni tano, sisi wanne. Ya tano ya nani? Nikasema jambo dogo, upatu ukiisha unaanza upya, na ukianza upya wa kwanza ni kijumbe. Hamud kasema ya tano abebe aliye karibu na mlango wa ngome, basi. Aliye karibu! Bila utaratibu itakuwa kama soko mkesha wa Idi, kila mtu na kiwiko chake. Ankit akamuunga mkono. Severine akasema dada, Hamud kasema la maana. Nikanuna. Nikamnyonyesha Eliasi nimewapa mgongo, dakika kumi.

Wakakubali. Wameapa wote, kidole juu: bendera ni ya mwenye zamu, hata dunia ipinduke. Nimewaapisha mara mbili, Hamud mara tatu.

Jumanne, 8 Agosti. Nane Nane

Eliasi kalala mapajani. Naandika hivyo hivyo.

Kafe imejaa mpaka ngazini. Mgao wa umeme, kwa hiyo jenereta inanguruma chini. Nahodha wa Mwanza anaitwa Mwinyimvua. Kaanza kwa kutuandikia kuwa nyie wa Bongo maneno mengi, leo mtakula sato na miba yake. Nikamjibu sisi miba tunachokonolea meno.

Raundi ya kwanza, yangu. Dhahabu! Ya pili, ya Severine. Dhahabu! Mzee Indravadan kakaa, kasimama, kakaa. Ya tatu Ankit kaona dawa njiani, kainama kuiokota, wakamtandika. Ya nne Hamud, wameshajua njia yetu, wakamtega mlangoni. Mbili kwa mbili.

Ya tano. Yangu.

Nikafa mapema kidogo. Si kosa langu, Eliasi kanivuta nywele. Nikaanza upya nyuma kabisa. Naangalia, nani ana bendera? Hamud! Ankit na Severine wamemfungulia njia, kapita, bado hatua kumi aingie kwetu. Watu wanapiga meza. Na zamu si yake!

Nikasimama. Nikapaza sauti Hamud, zamu ya nani? Hamud kanigeukia, macho kama mtoto anayenyang'anywa andazi. Kasema Mama Eliasi, hatua kumi tu. Nikamwambia uliapa mara tatu.

Akaiweka chini.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Hamud katii! Akarudi nyuma anilinde nikija kuiokota. Ankit akanirushia dawa mbili nipate nguvu za kukimbia. Severine, vocha zinaitwa kama mnadani, hakugeuza hata shingo. Timu nzima kitu kimoja! Nikakimbia huku machozi yananitoka kwa fahari.

Mtu wa Mwanza akatokea nyuma ya ukuta, akaigusa. Bendera ikiguswa na wenyewe inarudi kwao. Ikarudi. Kisha wakaja wakachukua yetu.

Mzee kavua miwani, kaifuta, kavaa, kavua tena. Sikuweza kumtazama. Nimembeba Eliasi kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja, nikazunguka, nikarudi. Kalala begani. Mzito kweli, mwanangu.

Jumatano, 9 Agosti

Nilimpa Mzee shikamoo. Kasema marahaba, kisha kasema msimamizi ni Severine, kwa kuwa ndiye peke yake hakuondoa jicho wala kupaza sauti. Nikaanza kukunja kanga za mtoto. Nikawaza basi la Ifakara linaondoka saa ngapi.

Severine kaja, kamtoa Eliasi mikononi mwangu bila kuniuliza, kampeleka nyuma ya meza. Tayari kuna godoro! Hamud kaleta kipande cha zulia cha dukani kwao. Ankit katoa mfukoni njuga ya kuchezea. Severine kamwambia Mzee, meza si umenipa mimi? Basi huyu ni mgeni wangu, wa kila siku. Mzee kaangalia juu, kaangalia chini, kasema sawa, lakini akilia anakwenda kwa mama yake. Eliasi akalala hapo hapo, feni inampepea unywele mmoja mmoja.

Nimelia. Kidogo tu.

Kisha nimekaa kutafuta kosa letu lilikuwa wapi. Nimelipata: Hamud aliiweka bendera chini polepole mno. Nimemweleza. Kashuka dukani nikiwa bado naeleza.

Nimemwandikia na Mwinyimvua wa Mwanza, nisimfiche yale ninayoyajua. Nimemshauri kuwa timu yake ina bahati lakini haina utaratibu, na akitaka waelewane, bendera aibebe nahodha, kila raundi, hata kama yuko mbali. Nikamwambia asione haya kuuliza.

Hajajibu. Bila shaka anawasomea wenzake.