Ofa Kubwa, Naifuta Baada ya Chai

Jumatatu, 6 Mei

Cherehani ya mke wangu imekata roho. Asubuhi, katikati ya mkono wa joho. Ilikohoa, ikatoa moshi, kimya. Fundi wa cherehani akaja, akafungua kifuniko, akachungulia, akafunga, akampa mke wangu mkono wa pole. Mota imeungua. Za aina ile hazitengenezwi tena.

Balaa. Mke wangu anashona majoho ya kwaya nzima, na kwaya inashindana Jumapili ya tarehe 19. Akichelewa, wateja wote watahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule anayeshona bega moja juu, jingine chini.

Jioni akatoa akiba yake yote, laki nne, akaitia kwenye simu yangu. Mimi ndiye mtaalamu wa mtandao wa nyumba hii. (Maneno yake mwenyewe, ingawa aliyasema akicheka.) Keshaona cherehani anayoitaka kwenye soko la mtandaoni: ya umeme, nzito, safi. Muuzaji ni fundi mzee anayestaafu. Bei laki tatu na nusu. Ofa anapokea, anajibu Ijumaa jioni. Mke wangu akasema nimpe mzee bei yake kamili, nisianze mambo yangu, na kitakachobaki ni cha bitana na vifungo.

Mambo yangu! Mambo gani?

Nimeunganisha simu na soko ili pesa ikatwe moja kwa moja, bila kuulizwa namba ya siri kila mara. Mtaalamu hapotezi muda.

Kinyozi wa ghorofa ya chini kanunua spika mpya. Muziki wake unatikisa vikombe vyangu kabatini.

Jumanne, 7 Mei

Sikulala kwa kufikiri. Kulipa bei iliyoandikwa ni kujidhalilisha. Kama nikiipata cherehani kwa laki mbili, inabaki spika. Spika kubwa kuliko ya kinyozi. Itakaa juu ya kabati na kumwelekea yeye.

Sheria za soko ni rahisi. Unaandika ofa. Kabla muuzaji hajabonyeza "Kubali", unaweza kuifuta, kwaheri, hakuna anayekudai. Akishakubali, ndoa imefungwa. Pesa inakatwa hapo hapo.

Sasa mkakati. Ofa ya kwanza, yangu, laki mbili. Ofa ya pili, ya uongo, laki nne na nusu, kutoka kwa mtu mwingine. Wanunuzi wengine wakiiona wanakata tamaa na kuondoka. Ijumaa, kabla tu mzee hajajibu, ile kubwa inafutwa. Anabaki mzee peke yake na laki mbili zangu. Atazikumbatia.

Mtu mwingine ni mama mkwe. Anauza masweta ya kufuma kwenye soko hilo hilo na ana nyota tano, wateja wanamsifu mpaka unaona haya kusoma. Akaunti nilimfungulia mimi mwenyewe. Nywila ni jina la paka wake. Hatajua. Yeye simu anaishika kama anashika yai.

Saa sita mchana ofa mbili zimeshajiondoa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na kinyozi hatazigusa zangu.

Jumatano, 8 Mei

Mke wangu anashona kwa mkono. Kajichoma kidole, katia damu kwenye kola, kaifua kola, kanitazama. Akauliza mzee amejibu nini. Nikasema bado anafikiria. Akauliza tangu lini mtu anafikiria kupokea pesa kamili. Nikasema wazee wa siku hizi wana mambo mengi.

Kazini kwangu, duka la rangi, hakukuwa na wateja, nikapata nafasi ya kusimamia mkakati. Mzee kamwandikia mama mkwe! Anauliza kwa adabu: mama, cherehani hii imenisomeshea watoto, wewe utaifanyia nini? Nikamjibu kama mama mkwe: mimi ni mjane, nafuma masweta, jioni huwa ni ndefu, sauti ya cherehani ingenifariji.

Mzee akajibu haraka sana. Na yeye ni mjane. Jioni zake pia ni ndefu.

Nikamwandikia kwamba ana maneno ya kiungwana. Akaniita malkia. Ninakiri nilifurahi kidogo.

Alhamisi, 9 Mei

Hujuma! Mtu anayejiita Sindano Moja kaweka laki nne na sitini. Nani ana pesa hizo? Ni yule wa ng'ambo ya barabara, naapa. Nikafuta ofa ya mama mkwe, nikaweka nne na themanini. Sindano Moja akaweka nne na tisini. Nikafuta tena, nikaweka laki tano. Nikiwa nabonyeza, nikammwagia mteja rangi ya kijani kwenye kiatu. Bosi akasema kiatu nitakilipa mimi. Bosi hana upeo.

Saa tisa Sindano Moja kajitoa. Ushindi! Wote wameondoka. Tumebaki wawili, mimi na mama mkwe, ambao wote ni mimi.

Kila nilipofuta, soko lilileta ujumbe mrefu kuhusu nyota. Sikuusoma. Masharti husomwa na waoga.

Nyumbani nimepima juu ya kabati. Spika inaenea kama itakaa kiubavu. Mke wangu akauliza napima nini. Nikasema napima kabati. Akarudi kwenye sindano yake. Vidole viwili sasa vina plasta. Roho iliniuma, kweli iliniuma, lakini haraka haraka haina baraka.

Ijumaa, 10 Mei

Siku yenyewe. Saa kumi na nusu nikajifungia stoo, kati ya madebe ya rangi. Nikafuta laki tano za mama mkwe. Imebaki laki mbili yangu, peke yake, nzuri, kama mtoto wa pekee.

Hapo ningenyamaza. Lakini nilimhurumia mzee. Malkia wake kaondoka bila hata salamu! Nikaona nimtumie neno la kumliwaza na hapo hapo nimsukume upande wangu. Nikaandika kwa uchungu: nisamehe baba, mjane kama mimi nimeona nisikuharibie maisha, moyo wangu bado una kidonda cha marehemu mume wangu, lakini nimeona hapo kuna kijana wa laki mbili, ana sura ya uaminifu, nakuomba mpe yeye cherehani kwa ajili yangu.

Nikatuma.

Nikaangalia vizuri. Nilikuwa nimetuma kutoka kwenye akaunti yangu. Yenye picha yangu. Na masharubu.

Kisha: ofa imekataliwa. Chini yake akaandika ananipa pole kwa kufiwa na mume, anavutiwa na masharubu ya malkia wake, na ananiombea nipate mchumba mwenye subira. Sijaelewa yote. Nimeelewa "imekataliwa".

Nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba mzee amesafiri ghafla. Akauliza amesafiri kwenda wapi. Nikasema mbali.

Jumamosi, 11 Mei

Wakati wa chai mke wangu aliacha kikombe chake kimejaa. Hilo peke yake linatosha kumtisha mtu mzima. Akachukua simu yangu kutoka mkononi mwangu, akasoma, akaendelea kusoma. Kuna mahali alisimama, akasoma kwa sauti: "Jioni huwa ni ndefu." Akavaa viatu, akashuka ngazi.

Nikachungulia dirishani. Akaenda kwa kinyozi kuuliza kama kuna anayemjua mzee huyo. Kumjua? Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, nje barazani, shuka shingoni, povu kidevuni! Kila Jumamosi ananyolewa pale. Wiki nzima nimehangaika na mtandao, na mtu mwenyewe anapita chini ya dirisha langu!

Sikusikia kila neno, muziki ulikuwa juu. Nilimwona mke wangu anaonyesha vidole vyake vya plasta. Nilimwona mzee anacheka mpaka povu linaruka. Wakaondoka pamoja.

Mchana cherehani ikapanda ngazi, begani kwa kinyozi. Kinyozi akanisalimia vizuri sana, akaniita mjane. Mke wangu akaeleza kwa ufupi: alimwambia mzee ukweli wote, kwamba ana majoho na siku hazitoshi. Mzee akampa kipande cha kitambaa ashone kola, akaitazama, akasema cherehani imepata mwenyewe. Mke wangu kalipa laki moja na nusu.

Laki moja na nusu! Chini ya ofa yangu! Nikamweleza mke wangu kwamba mkakati umefanya kazi vizuri mno: mimi nilimlainisha mzee wiki nzima, yeye akaja kuvuna. Akanijibu kwamba nikisema tena neno "mkakati" atanishonea mdomo, na sasa ana mashine ya kufanyia hiyo kazi.

Laki mbili na nusu zimebaki kwenye simu yangu. Ni za bitana, vifungo na kitambaa cha majoho ya wanaume, ambacho bado hakijanunuliwa. Jumanne jioni tutakwenda duka la jumla. Haniamini tena, kwa hiyo kabadilisha namba ya siri ya pesa, akanirudishia simu, akasema sasa kwangu ni kama kopo lisilofunguka. Imeniuma. Mtu na mkewe!

Jumapili, 12 Mei

Mama mkwe amefika. Na begi. Begi kubwa.

Nyota tano zimekuwa mbili. Kumbe kila ofa ikifutwa, nyota moja inakwenda, na mimi nilifuta mara tatu. (Wangeandika wazi. Waliandika, lakini kwa maneno mengi.) Wateja wake wamekimbia, mmoja kamwandikia kwamba hakutegemea tabia hizo kwa mama wa umri wake. Masweta ndiyo yanamlipia kodi ya chumba. Pia kasoma mazungumzo yote na mzee. Akasema kwa upole kwamba yeye hajawahi kuwa na jioni ndefu, anapenda jioni zake, na hakuomba kufarijiwa na mtu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza tu atalala wapi, maana atakaa hapa mpaka nyota zake zirudi.

Kwa hiyo mimi nalala kwenye mkeka jikoni. Mchana tunakaa sebuleni, mimi na mama mkwe, kila mmoja anaangalia ukuta wake kwa heshima. Kiti changu amekaa yeye. Masweta yake yote yapo kwenye begi, mengine ya watoto wachanga, na nje jua linachoma mpaka lami inanata.

Nilijaribu kuomba radhi. Nilianza vizuri, nikafika kwenye neno "lakini", mke wangu akasimamisha cherehani.

Jumanne, 14 Mei

Jana hapakuwa na la kuandika. Mama mkwe alilia kidogo, akidhani hakuna anayemwona. Kashika simu siku nzima akisubiri mteja, hajaja hata mmoja. Iliniingia moyoni. Mimi si mtu mbaya. Mimi ni mtu ambaye bado hajaeleweka.

Leo sikwenda kazini kwa ajili yake, nimesema naumwa. Nimepata suluhisho nikiwa napiga mswaki. Watu hawaji kwa sababu hawaoni mtu. Watu hufuata watu! Wakiona kuna ofa kubwa, kubwa ya kushtua, watajiuliza masweta haya yana nini, watagombania, atauza, nyota zitarudi, begi litaondoka, nitapata kiti changu.

Basi. Nimebadilisha jina na picha kwenye akaunti yangu. Sasa naitwa Mzee wa Baridi, picha ni mlima wenye theluji. Nimetoa ofa ya masweta yote, begi zima. Laki mbili na nusu. Naifuta baada ya chai, watu wakishaiona. Na sasa najua mambo ya nyota: ikipotea, itapotea yangu, na mimi nyota sina hata moja. Nimefikiria kila kitu.

Hatari hakuna. Kwanza, mama mkwe hawezi kubonyeza chochote bila miwani, na miwani nimeikalia. Pili, pesa haiwezi kutoka, namba ya siri anaijua mke wangu tu. Mtu akijifunza kutokana na makosa, ndiyo hivi anavyokuwa.

Nakunywa chai ya saa kumi taratibu. Najisikia mwepesi.

Sebuleni cherehani imesimama. Mama mkwe anamwomba mke wangu amsomee kitu kwenye simu, maana miwani haionekani. Mke wangu anasoma. Anasoma tena. Anasema ni mzee fulani wa sehemu za baridi, anataka yote. Mama mkwe anauliza sasa anafanyaje. Mke wangu anasema subiri mama, nakubonyezea mimi, watu kama hawa wakicheleweshwa hufuta.

Vigelegele.

Simu yangu imetetemeka mezani: pesa imekatwa moja kwa moja, bila kuulizwa namba ya siri. Mke wangu ananiita nije haraka, nije nifurahi nao, halafu nivae viatu twende duka la jumla tukanunue kitambaa.